Pointi Sita Alizoninyima Mwalimu

Simupendi yule mwalimu. Niseme hivyo kwanza, ili mutu asisome hapa akifikiri mwishoni tutakumbatiana. Hatukukumbatiana. Nikimukuta leo mu Kadutu ananisalimia, "Papa, habari," namujibu, "Nzuri," na kila mutu anafuata njia yake. Lakini kitu alichomufanyia binti yangu mu hesabu na mu Kiingereza nilikiona kwa macho yangu, na mimi si mutu wa kuficha kitu alichoona.

Mimi niliacha shule mwaka wa tatu wa primaire. Sikufukuzwa. Baba alikufa, na kaye za kuandikia na kalamu vikaisha siku ile ile. Nilibeba chumvi na sabuni mugongoni kwenda Shabunda, kwa miguu mu pori, matope mpaka magotini, wakati vijana wa umri wangu walikuwa wanakariri mito ya Ulaya. Leo niko na mashini tatu za kusaga muhogo na mahindi. Tatu. Hakuna mutu aliyeniachia hata moja. Wenye diploma wa mutaa wetu, wale wa kravati shingoni na mufuko wa kompyuta begani, wanatuma watoto wao kwangu na beseni kichwani, na beseni yao inangoja mustari sawa na zingine. Unga nikiushika kwa vidole viwili najua muhogo ulilala siku ngapi mu maji. Wao wakiushika wanajua tu kwamba ni unga.

Pamoja na hayo, binti yangu mukubwa nilimutia kwa Masera, shule ya bei ya watawa wanawake kule muji, wanakosomea watoto wa watu wa biro, wa maofisini, na wa ONG, yale mashirika ya misaada. Nilitaka akae kwenye banc moja na watoto wa wale wanaoniita "bwana wa mashini" kama vile mimi mwenyewe sina jina. Alifika mwaka wa tano wa secondaire, akaanguka, akarudia. Na pale kwa Masera sheria ni moja: hakuna mutu anayefanya darasa moja mara tatu. Ukianguka tena unachukua karatasi zako, unaenda kutafuta shule ingine. Kwa hiyo ule mwaka ulikuwa hivi: apite, ao atoke.

Biletini ya kwanza, karatasi ya pointi, ilifika, nyekundu ilikuwa nyingi kuliko bluu. Hesabu ishirini na mbili juu ya mia. Kiingereza makumi tatu. Muke wangu aliishika mbele ya dirisha, akaigeuza, akaigeuza tena, kama vile upande mwingine ungekuwa na habari nzuri.

Masera préfète, mutawa anayeongoza shule, akaniita. Ni mwanamuke mufupi, hapaazi sauti, na hiyo ndiyo inaogopesha.

"Papa, huyu mutoto si mujinga," aliniambia. "Lakini mu hesabu na mu Kiingereza hana kitu. Mutafutie encadreur, mutu wa kumufuata nyumbani."

Sasa, nieleze vile nilivyosikia hayo maneno. Kwetu kila mutu anajua. Mwaka ukikaribia kuisha, muzazi anamutembelea mwalimu. Anaenda na kuku, na pagne, kitenge, kwa muke wa mwalimu, wanakunywa kimoja viwili, na pointi zilizokuwa zimelala zinaamuka. Hakuna anayeita hiyo wizi. Inaitwa kumuona mwalimu. Kwa hiyo Masera aliposema encadreur, mimi nilifikiri: huyu mama ni mutu wa Mungu, hawezi kusema wazi, amesema kwa adabu.

Nikauliza nani anafundisha hesabu. Wakanionyesha. Nikauliza nani anafundisha Kiingereza. Wakanionyesha mutu yule yule, juu mwalimu wa Kiingereza alikuwa amepata kazi ya ONG akaondoka katikati ya mwaka, na huyu alikuwa amekulia Uganda mu ukimbizi, wakamupa na zile saa. Nilicheka peke yangu njia yote ya kurudi. Masomo mawili, mwalimu mumoja. Bahati kama hiyo inatafuta watu waliozoea kutembea.

Nikamuita, akaja kunikuta kwenye mashini. Kijana mwembamba, koti ya veste nyeusi, viatu vilivyoshonwa na vikashonwa tena. Ndani ya dakika tano veste ilikuwa nyeupe kwa vumbi la muhogo, na hakujipangusa. Hiyo peke yake ilinikasirisha. Mutu akiingia kwangu na akachafuka, ajipanguse, nijue kwamba ameona.

"Mwalimu, mutoto lazima apite."

"Akifanya kazi atapita, papa."

"Kazi, weye unaijua."

"Naijua."

"Basi tunaelewana?"

"Tunaelewana, papa."

Nilimupa mukono. Nikamutajia malipo makubwa kuliko aliyoomba, na nilimuona ameshangaa, nikafikiri anashangaa kwa furaha. Kila mutu siku ile alielewana na kichwa chake mwenyewe.

Akaanza kuja mara tatu kwa juma, saa kumi ya muchana, watoto wakisha kula. Siku ya kwanza nilipita karibu na meza, nikaona binti yangu, mutu wa miaka kumi na nane, ameinama juu ya kitabu chenye picha ya machungwa yaliyokatwa vipande.

"Mwalimu, hii kitabu ni ya nani?"

"Ya mudogo wake wa mwaka wa sita primaire."

"Binti yangu iko mwaka wa tano secondaire. Umemuteremusha madarasa ngapi?"

"Sikumuteremusha, papa. Nimemukuta kule."

"Nani amekuambia iko kule?"

"Nimemuuliza nusu na theluthi vinafanya ngapi pamoja. Amelia. Toka zamani anakopia kwa majirani wa banc. Umuulize."

Muke wangu alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani, nikasikia mutwangio umenyamaza. Nikamugeukia binti.

"Ni kweli?"

Aliangalia meza. "Papa, nilikuwa nawanunulia mandazi wakati wa mapumziko. Wananiachia niangalie."

Ningeweza kumukasirikia yeye. Nilimukasirikia mwalimu. Mutu anaingia mu nyumba ya mutu siku ya kwanza na anamuvua mutoto nguo mbele ya baba yake. Nilitoka nikabamiza mulango, na mulango ule ukibamizwa watu wangu wanajua hali ya hewa imebadilika.

Tangu siku ile nilimuchunga. Niliweka kiti changu barazani, nikijifanya nasikiliza radio. Na kitu nilichoona hakikunifurahisha: yule kijana hakuwa anafanya kazi. Nalipa mutu, na mutu ameweka mikono nyuma kama polisi wa barabarani. Binti anaandika, yeye anaangalia. Binti anauliza, "Mwalimu, ni hivi?" yeye anajibu, "Sijui. Umejuaje weye?" Binti anafuta, anaandika tena. "Sasa ni hivi?" "Umejuaje?" Saa mbili za "Umejuaje?" Hakugusa kaye yake hata mara moja. Kalamu ya bic nyekundu sikuwahi kuiona. Binti akimaliza zoezi, mwalimu anamutuma uani akamuelezee mama yake, ambaye hajui hata kitu kimoja, na mama asipoelewa, anarudi kuanza upya. Muke wangu alikuwa anacheka mpaka anashika tumbo. "Huyu mwalimu ananisomesha na mimi bila kunilipisha," alisema. Mimi sikucheka.

Ile "Umejuaje?" ikaingia mu nyumba kama chawa. Siku moja tunakula, nasema muchele wa Luberizi unashinda wa fasi zote. Binti yangu, mudomo umejaa, ananiambia, "Umejuaje, papa?" Miaka yote nimenunua muchele, nimeuza muchele, nimelala juu ya magunia ya muchele, na mutoto ananiuliza nimejuaje. Ndugu zake wakaficha nyuso. Na kibaya zaidi ni kwamba nilifikiri kidogo kabla ya kumujibu.

Halafu Kiingereza. Aliweka sheria kwamba saa moja yote, pale mezani, hakuna Swahili, hakuna Kifaransa. Hata kuomba maji ni mu Kiingereza. Sasa mimi nakaa barazani kwangu, juu ya kiti changu, nasikia wawili wanaongea, wanacheka, na sijui wanacheka nini. Binti alikuwa ananong'ona, anameza maneno, lakini anacheka. Kwa mutu aliyezoea kujua kila kitu kinachosemwa mu nyumba yake, hiyo ni kama kutiwa pilipili mu jicho. Nikaingia.

"Munasema nini?"

Binti akamuangalia mwalimu. Mwalimu akanijibu kwa Swahili, pole pole, kama mutu anayeongea na mugonjwa.

"Papa, hii saa ni ya Kiingereza. Akikujibu mu Swahili anaanza upya."

"Mu nyumba yangu?"

"Mu nyumba yako, papa. Kiti iko. Ukitaka, ikala, usikilize."

"Niikale kama mwanafunzi?"

"Ikala kama papa."

Nilitoka, nikaenda moja kwa moja kwenye mashini kubwa, ile iliyo nyuma ya ukuta wa salon wanakosomea, nikaiwasha. Hakukuwa na muteja hata mumoja. Hakukuwa na punje hata moja ndani. Niliiacha iunguruke mpaka vikombe vikacheza mu kabati, nikasimama pale mikono kiunoni nikingoja mwalimu atoke na mufuko wake. Hakutoka. Baada ya muda kidogo nikasikia kitu kinachoshinda sauti ya mashini: binti yangu anapiga kelele mu Kiingereza. Mwalimu naye anapiga kelele. Wanaulizana na kujibizana kama wauza samaki wa pale sokoni. Siku iliyofuata niliwasha tena, wakapiga kelele tena. Mwalimu mwenyewe baadaye alimuambia muke wangu kwamba tangu juma lile mutoto aliacha kunong'ona. Kwa hiyo naomba ijulikane: sehemu ya kile Kiingereza ni yangu. Mafuta ya mashini yalikuwa yangu.

Biletini ya pili: hesabu makumi tatu na tano, Kiingereza makumi tatu na tisa. Bado nyekundu, lakini zimepanda. Na mimi, na akili zangu zote za biashara, nilielewa vibaya. Nilisema: huyu kijana ni fundi. Anapandisha pole pole ili Masera asishituke. Mwisho wa mwaka ataweka hamsini na tano, watu waseme mutoto amejitahidi. Nikaanza kumuheshimu kidogo. Nilimutumia hata unga nyumbani kwake. Akashukuru.

Ikafika siku ya proclamation, ile siku shule inasoma matokeo mbele ya wazazi wote. Mimi nilikuwa nimeshatangaza mbele. Wanawake wote wa mustari wa beseni walijua kwamba binti yangu amepita, hata kabla hajamaliza mitihani. Nilikuwa nimenunua mbuzi. Nilikuwa na makopo mawili ya poda mu mifuko ya suruali, juu kwetu mutoto akipita tunamumwagia poda kichwani, anarudi nyumbani mweupe, muji muzima unajua bila kuuliza. Tulivaa nguo za pagne moja mimi na muke wangu. Nilikaa mustari wa mbele, kati ya daktari na mutu wa banki, nikawapa mukono wote wawili kabla hawajautafuta.

Walisoma majina ya waliopita. Yalisomwa yote. Halafu Masera akageuza karatasi, akasema, "Wafuatao wana deuxième session," maana yake wamebakiza masomo na watayafanya tena mwanzo wa Septemba, na wasipoyapata wameanguka. Jina la binti yangu lilikuwa la pili. Hesabu, makumi ine na sita. Kiingereza, makumi ine na nane. Inatakiwa hamsini.

Muke wangu alinishika mukono wa shati. Nilijitoa. Nilimukuta mwalimu kwenye uwanja, chini ya kengele, wazazi wamemuzunguka.

"Pointi ine!" nilimuambia. "Pointi ine na pointi mbili! Sita! Bic ilikauka?"

"Papa, tuongee pembeni."

"Tuongee hapa hapa! Toka mwezi wa pili unakula kwangu. Unga nilikutumia. Pointi sita zimekushinda kuandika?"

"Hizo makumi ine na sita aliziandika yeye," alisema. "Alianza na ishirini na mbili. Mimi sikuandika kitu."

"Ndiyo hiyo nasema! Hukuandika kitu! Sasa nilikuwa nakulipa ya nini?"

Akaniangalia. Nilimuona anaanza kuelewa, pole pole, kama vile binti yangu alivyokuwa anaanza kuelewa machungwa ya vipande.

"Ulifikiri unanilipa ya nini, papa?"

"Pointi!" nilisema. "Pointi! Tulielewana, mimi na weye, mukono kwa mukono!"

Mimi niko na sauti iliyozoea kushinda mashini. Uwanja wote uligeuka kutuangalia. Yule mutu wa banki aliangalia viatu vyake. Na nyuma yangu nikasikia sauti ya Masera, ile isiyopaa:

"Wote wawili, mu biro."

Mu biro hakunikaribisha kiti. Alisema mambo mawili. La kwanza, mwalimu abaki nyumbani mpaka ijulikane kama aliuza pointi ao hakuuza. La pili, mutihani wa binti yangu wa Septemba hautasahihishwa pale. Utaenda mu shule ingine, bila jina, kwa mutu asiyemujua mutoto wala baba yake. Mwalimu alisema tu, "Ni vizuri, Masera." Akatoka. Mulangoni akaniambia bila kugeuka, "Kwako sitakanyaga tena, papa."

"Sikukuita!" nilimujibu, na mimi ndiye niliyekuwa nimemuita.

Makopo ya poda nilimupa mutoto wa mutu mwingine. Mbuzi tulimula kimya.

Sasa hesabu ya mambo hata mimi niliiona: mutihani bila jina, mwalimu hakuna, miezi miwili. Nikatafuta encadreur mwingine, wa bei kali, mwanafunzi wa chuo kikuu. Huyu alikuja na kravati, anajipangusa vumbi kila dakika, anaongea Kifaransa mpaka mbu wanatua kusikiliza. Nilimupenda mara moja. Kaye ya binti ikajaa: hesabu safi, mistari imepigwa kwa rula, kila jibu na duara chini. Nilikuwa naionyesha kwa wateja. "Muone," nawaambia, "huyu ndiye mwalimu."

Baada ya majuma mawili binti alinifuata kwenye mashini.

"Papa, yule umuache."

"Kaye yako haijawahi kuwa nzuri hivi."

"Ni yake. Anafanya yeye, mimi nakopia. Ni sawa na mandazi, tu ya bei kali."

"Basi unataka nini?"

"Nataka ule mwingine."

"Ule mwingine amekataa kuja."

"Amekataa juu yako, papa. Mimi hakunikataa."

Hajawahi kusema nami vile. Miezi sita nyuma angelia. Nikajifanya naangalia mukanda wa mashini.

Nikamuendea. Anakaa upande wa Panzi, chumba kimoja na nusu juu ya kilima, njia yake mvua ikinyesha ni ya mbuzi. Nilifika na matope mpaka kwenye mukanda. Alikuwa anafua shati lake yeye mwenyewe mbele ya mulango. Hakuniambia karibu.

"Mutoto anakutaka," nilisema.

"Mutoto aje. Hapa, si kwako. Kila siku, kama anaweza."

"Nitakulipa mara mbili."

"Usinilipe kitu. Enda kwa Masera umuambie ukweli."

"Ukweli gani?"

"Niliahidi pointi?"

Nilikwangua matope ya suruali.

"Siku ile kwenye mashini, papa. Nilisema neno pointi?"

"Ulisema tunaelewana."

"Nilisema pointi?"

"Hapana."

"Basi umuambie vile. Wanangoja nifukuzwe. Niko na mama yangu hapa ndani anayekula kwa ile kazi." Akakamua shati, maji yakaangukia viatu vyangu, na sitaapa kwamba haikuwa kusudi.

Nilirudi nikimutukana njia yote. Nilisema sitaenda. Mimi, mutu wa mashini tatu, nikasimame mbele ya mwanamuke mufupi niseme nilikuwa mujinga? Siku ine sikuenda. Siku ya tano, asubuhi, nilimuona binti amekaa nje na kitabu cha machungwa, kile cha mudogo wake, anajiuliza na kujijibu peke yake, sauti juu: "Umejuaje? Nimejua juu..." Nikavaa shati nikaenda.

"Masera," nilisema, "yule mwalimu hakuniahidi kitu. Mimi ndiye nilifikiri."

"Ulifikiri nini?"

Alitaka niseme yote. Watu wa Mungu hawana huruma. "Nilifikiri encadreur ni mutu wa kuona ili pointi ziingie."

"Na kumbe alimufanyia mutoto nini?"

"Alimufundisha."

"Basi ndiyo uliyolipia, papa," alisema, akafungua kaye yake ya kazi kama vile nimeshatoka. Mwalimu akarudishiwa darasa lake. Mutihani wa bila jina haukubadilishwa.

Agosti yote binti alipanda Panzi kila asubuhi kwa miguu. Nilimupa pesa ya moto, pikipiki ya abiria, akakataa. Alisema njiani anajisomea Kiingereza kwa sauti na motard anayeiendesha angefikiri yeye ni kichaa. Alirudi saa nane, na vumbi, na njaa, anakula amesimama. Sikuruhusiwa kuuliza. Muke wangu alinikataza, binti alinikataza, na yule mwalimu alinikataza bila kunituma neno. Kitu kimoja tu niliona: siku moja aliacha kaye mezani nikaifungua. Ilikuwa chafu. Imefutwa, imekatwa, imeandikwa pembeni, imefutwa tena. Si kaye ya kuonyesha wateja. Ilikuwa kama mikono yangu wakati wa Shabunda. Nikaifunga.

Mutihani ulifanyika siku mbili. Majibu yalitundikwa ukutani kwa Masera juma lililofuata, siku ya Ijumaa, saa ine.

"Unabaki, papa," binti aliniambia mulangoni.

"Mimi ni baba yako."

"Ndiyo sababu."

Nilibaki. Nilifungua mashini, wanawake wakaja na beseni, nikasaga. Nilisaga vibaya siku ile, muke mumoja alinirudishia unga akasema ni muchanga. Saa tano ikapita. Saa sita ikafika, nikamuona anashuka njia, peke yake, hakimbii, hatembei pole. Nikamusoma uso tangu mbali, na uso haukusema kitu. Alifika, akasimama mbele yangu mu vumbi.

Nikazima mashini, na mustari ulikuwa murefu.

"Hamsini na nane," alisema. "Na hamsini na mbili."

"Kiingereza ni ipi?"

"Hamsini na mbili."

Nilifungua mudomo. Nilikuwa na maneno mengi, na wanawake kumi na tano wa kuyasikiliza, na sauti iliyo tayari. Akanishika mukono.

"Papa, usitangaze."

"Kwa nini? Umepita!"

"Nimepita mimi. Ile mara ya kwanza ulitangaza weye, nikaanguka mimi. Hii uniachie."

Ninaapa sijawahi kubeba muzigo kama ule. Niliwasha mashini tena. Yule muke wa unga wa muchanga akaniinamia sikioni, akapiga kelele:

"Bwana wa mashini! Binti amefanya nini kule? Amepita?"

Nilimuangalia mwalimu wake mu kichwa changu, mikono nyuma, veste ya vumbi, nikamutukana mara moja tena. Halafu nikamuonyesha binti kwa kidole.

"Umuulize mwenyewe," nilisema. "Iko pale."